Plasil, Phenergan au sinarizini: ipi inazuia kweli kutapika kwenye meli ya Ukerewe?

Ngosha_Kirumba
Wakuu habari za leo. Ijumaa natakiwa Nansio kwenye arobaini ya baba mkubwa na tatizo langu ni moja, mimi na meli hatuivi. Safari iliyopita nilianza kutapika hata Mwanza haijapotea machoni, masaa matatu na ushee nipo na mfuko wa Rambo mkononi, mama niliyekaa naye akaniuliza kwa upole eti mwanangu umeanza lini kuumwa. Na nilikuwa nimemeza Plasil kabisa kabla ya kupanda, wapi! Sasa mmoja ananiambia Phenergan, mwingine sinarizini, dukani wananionyesha ondansetroni ila bei yake imesimama. Ipi ni ipi? Na msiniambie nizunguke Bunda nikavukie Kisorya, muda huo sina.

Mtoto_wa_Ukara
Kaa nje upigwe upepo, tafuna tangawizi, acha kuchezea simu. Mi nimekulia kwenye mtumbwi sijawahi kumeza kidonge cha meli.

Ngosha_Kirumba
Hongera mkuu, wewe ni sato, mimi ni mbuzi.

Famasi_Igoma
Niko nyuma ya kaunta mwaka wa 9 na hili swali naulizwa kila wiki. Ngosha, Plasil haikukosea, wewe ndio uliipa kazi isiyo yake. Metoklopramaidi (ndo hiyo Plasil) inaziba dopamini, kemikali ya ubongo, na inasukuma chakula kitoke tumboni, ni nzuri kwa kichefuchefu cha tumbo lililogoma au kipandauso. Kichefuchefu cha meli kinaanzia sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mizani ya mwili, yenyewe inaripoti tunayumba, macho yanaona benchi limetulia, ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana ndo unatapika. Hiyo njia inapita kwa kemikali nyingine, histamini na asetilikolini, kwa hiyo unahitaji dawa ya jamii ya aleji zile za zamani, promethazini (ndo hiyo Phenergan) au sinarizini. Ondansetroni inaziba serotonini, kwa meli hela yako itaishia ziwani pamoja na chai.

Mtu mzima promethazini ni 25 mg usiku wa kuamkia safari, au saa moja hivi kabla. Sinarizini 30 mg masaa mawili kabla, safari ikiwa ndefu unaongeza 15 mg kila baada ya masaa 8. Ukishaanza kutapika ndo unameza, umechelewa, kidonge kinatoka na maji yake.

MamaWawili_Nyegezi
Phenergan inazuia kweli sibishi ila jamani ule usingizi!! Nilimeza naenda Nansio kwa mama mkwe, meli imefunga gati watu wameshuka na mabegi yao mi nakoroma, nikaamshwa na baharia. Nikafika ukweni ulimi mzito kama mlevi, mpaka leo wifi zangu wananitania. Halafu kaka wa famasi, mdogo wangu ana mtoto wa mwaka na nusu anatapika kwenye gari, ile ya maji anaweza kumpa kidogo?

Famasi_Igoma
Hapana dada, chini ya miaka 2 promethazini haigusi, inaweza kukandamiza pumzi ya mtoto. Na watu wazima ukiimeza usiendeshe chombo na bia weka pembeni. Mzee mwenye tezi dume au presha ya macho aulize kwanza. Sinarizini nayo inaleta usingizi ila kwa wengi ni mwepesi, ndo maana mtu wa kwenda msibani ambaye anatakiwa kusalimia watu namwambia aanze nayo.

Boda_Buzuruga
Ngoja niwaambie kuhusu Plasil maana watu wanaimeza kama pipi. Mdogo wangu wa kike ana miaka 17 alikuwa anatapika, akapewa kwenye duka moja, akameza asubuhi na mchana, jioni shingo ikapinda, macho yakaangalia dari, taya limekaza hawezi kuongea. Nyumbani bibi anasema mashetani, jirani kamwita mchungaji, maombi yamekolea, mi nikambeba na boda mpaka hospitali nesi akauliza swali moja tu, kameza dawa gani. Akachomwa sindano, haikupita muda akaomba maji.

Famasi_Igoma
Hiyo inajulikana na inawapata zaidi vijana na watoto, hasa mabinti. Ndio maana siku hizi kikomo ni 30 mg kwa siku, yaani kidonge cha 10 mg mara tatu, na isizidi siku 5. La kuchekesha ni kwamba moja ya sindano za kuiondoa hiyo hali ni promethazini hiyohiyo.

Dada_Pasiansi
Naomba msiitukane ondansetroni. Mama yangu alikuwa anapata kemo (dawa za saratani) hospitali ya Bugando, alikuwa anapewa pamoja na deksamethasoni kabla ya dripu, na mzunguko wa kwanza aliorudi nyumbani akaomba ugali na dagaa nililia. Ubaya wake inafunga choo, andaa papai.

Mwalimu_Magu
Mnaongelea za kuzuia, sisi huku tuna za kutapisha. Siku ya dawa za kichocho nyie hamjui! Prazikwanteli inatolewa kwa kupima urefu wa mtoto kwenye ule mti, mwaka mmoja watoto walimeza tumbo tupu, darasa zima linashika matumbo na kutapika, wazazi wakaja na fimbo wanasema tunawapa sumu watoto. Siku hizi uji kwanza, dawa baadaye, kelele zimepungua sana. Swali, mtoto akinywa mafuta ya taa si tunampa maziwa au maji ya chumvi atapike?

Famasi_Igoma
Mwalimu USIMTAPISHE. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Jiki na maji ya betri ndo hivyohivyo, yanaunguza koo wakati wa kushuka na tena wakati wa kupanda. Maji ya chumvi nayo yanaweza kumpandishia chumvi ya damu mpaka degedege. Zamani wazungu walikuwa na sirapu ya ipekaki ya kutapisha nyumbani, madaktari wa watoto Marekani wenyewe mwaka 2003 walisema isiwekwe tena majumbani. Mchukue mtoto, chukua na chupa aliyonywea, kimbia hospitali.

Ngosha_Kirumba
MREJESHO wakuu. Nilinunua sinarizini ila foleni ya Ijumaa mnaijua, nikameza niko getini bandarini, sio masaa mawili kabla. Lisaa la kwanza niliteseka nusura nitapike, nikahamia katikati ya meli nikakodolea macho vile visiwa vya mbali, sikutapika. Kurudi nikafuata muda, nikala mkate mkavu, upepo ulikuwa na hasira kuliko wa kwenda na bado nikanunua sambusa humohumo ndani.

MamaWawili_Nyegezi
Sambusa melini?? Ngosha umepona. Zimebaki ngapi za kwangu?

Ngosha_Kirumba
Sambusa au vidonge?