MREJESHO: Je, mshtakiwa akubali kosa ili yaishe haraka?

Wakuu, niliuliza kuhusu kijana wa Tanga aliyeshikwa kwa wizi wa simu na kushauriwa "kubali yaishe". Kesi imeshasomwa, amekana.

Shtaka husomwa kwa lugha anayoielewa, kisha huulizwa: kweli au si kweli? Akisema "ni kweli", hakimu huandika maneno yake karibu kama alivyoyatamka, halafu mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa. Hapo ndipo wengi hupitiwa: ana haki ya kupinga hata kipengele kimoja. "Nilichukua, ila nilidhani ni yangu" si kukiri. Hakimu aandike kuwa amekana. Akishakiri sawasawa, rufaa hubaki zaidi kwenye adhabu.

Dhamana iombwe siku hiyo hiyo. Wadhamini waje na barua ya serikali ya mtaa yenye picha iliyogongwa muhuri, pamoja na kitambulisho. Jina la barua likitofautiana na la kitambulisho, hata kwa herufi moja (Mwanaidi, Mwanahidi), mdhamini anaweza kukataliwa na mtu akalala mahabusu. Akirudishwa rumande, kesi haiahirishwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Yetu inatajwa tena baada ya siku 14.