Mjadala: Rap ni ya Bronx au ni ya kwetu? Kinyozi kagoma kunimalizia kichwa

Nusu Kichwa
Wakuu habari za Jumapili. Naandika nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, upande wa kushoto nimenyolewa, wa kulia bado, na mashine kaizima. Redio ilikuwa inapiga rap ya zamani, mimi nikasema Wamarekani kwa hili wametuzidi, jamaa akaja juu eti rap ni yetu Waafrika, ilipanda meli na watumwa ikarudi imevaa kapelo. Nikamwambia imeanzia Bronx, New York, mwaka 75 hivi. Tumewekeana dau, nikishindwa nalipa bei mara mbili. Wajuzi nisaidieni, huu muziki wa kufokafoka asili yake wapi?

Mbeba Boksi
Siyo 75 mkuu, ni tarehe 11 Agosti 1973. Niko hukuhuku Bronx napambana na maboksi na hilo jengo nalipitaga, 1520 Sedgwick Avenue, ghorofa la wapangaji la kawaida kabisa, kando yake barabara kuu inanguruma usiku na mchana. Binti mmoja Cindy Campbell alitaka hela ya nguo za kufungulia shule, akaandaa disko kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao, kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50, DJ ni kaka yake Clive, miaka 18, ndo huyo Kool Herc. Ujanja wa Herc ni kwamba aliona watu wanasubiri kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza zinabaki ngoma tupu, hapo ndo wanapagawa. Akawa anaweka sahani mbili za wimbo uleule, kipande kikiisha huku anakianzisha kule, sekunde chache zinageuka dakika. Mshkaji wake Coke La Rock kashika maiki anataja majina ya washkaji walioko ukumbini. Rap ya mwanzo ilikuwa hivyo, hakuna cha mashairi marefu.

Kanda Mbili
Yaani kama MC wa harusi anayetambulisha kamati 😂

Vina Vitatu
Kabla hatujafika mbali. "Muziki wa kufokafoka". Mleta mada hebu rudi hapa. Mpaka leo kuna mtu anaita hip hop kufokafoka? Mimi nachana tangu fomu tuu, ninayemjua anafoka ni mama mwenye nyumba kodi ikichelewa. Sisi hatufoki. Tunachana.

Kanda Mbili
Dogo punguza munkari, hilo jina tumelikuta. Redioni walisema hivyo, magazetini hivyohivyo, na sisi wenyewe tuliokuwa tunavaa suruali tatu kwa pamoja ili tuonekane wanene tulisema hivyohivyo. Na hapo ulipo usikasirike nikikwambia umefoka.

Vina Vitatu
Ndo shida ya wazee wa kaseti, mkikosa hoja mnaleta vichekesho. Jina linabeba heshima. Ukimwambia mzazi mwanao anafoka, ushamwambia ni muhuni. Halafu nyie mnaojisifia miaka hiyo wengi mlikuwa watoto wa kishua tu, Masaki na Oysterbay, mnachana Kiingereza cha puani.

Kanda Mbili
Mimi Masaki?? Mimi nimekulia Temeke, mama anauza maandazi. Sasa ngoja nikusomeshe. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Redio ilikuwa ya taifa basi. Miaka ya 80 tulianza kuona breki dansi kwenye mabanda ya video, tukaenda kuzunguka kwa kichwa kwenye mchanga, wengine mpaka leo shingo haziko sawa. Kaseti za rap zilikuja na mwenye ndugu Ulaya au baharia, hapo kweli wa kishua walitutangulia, na kweli walichana Kiingereza. Ila kaseti moja ilikuwa inazaa. Unanunua kaseti ya kwaya sokoni, vile vitundu juu unavijaza karatasi na selotepu ili ikubali kurekodi, unakwenda kwa mwenye redio ya kanda mbili unamlipa, unarudi nyumbani unairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili usimalize betri. Nakala ya tano sauti inasikika kama jamaa anachana ndani ya pipa na tulikariri hivyohivyo, neno hujui maana unalitamka tu. Kisha 1991 akatokea Saleh Jabir akachukua ile Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaimwagia Kiswahili, akabeba ushindi wa mashindano ya rap ya Yo! Rap Bonanza. Siku hiyo ndo tulijua kumbe lugha yetu inaingia.

Dandora Fezi Foo
Buda tulia. Hiyo si ni kutafsiri tu? Unachukua biti ya mzungu, unachukua mtindo wa mzungu, alafu mnasema nyinyi ndio baba wa rap ya Kiswahili. Kundi la Kalamashaka walitoka hapa Dandora, Nairobi, na ngoma yao wenyewe, Tafsiri Hii, 1997, hakuna mtu alikuwa amewaandikia.

Kanda Mbili
1997 na 1991 ipi inaanza? Mmefundishwa hesabu au mmefundishwa siasa? 1995 huku rapa Mr II alishatoka Mbeya na kanda yake ya Kiswahili kitupu, hakutafsiri cha mtu, na kishua hakukujui.

Dandora Fezi Foo
Sijasema nani wa kwanza. Nimesema nani alikuwa na yake. Soma vizuri mzee, ama pia wewe unasoma na kalamu ya Bic.

Mbeba Boksi
Hapa lazima nimtetee Saleh. Wimbo wa rap wa kwanza kutikisa dunia ni Rapper's Delight wa 1979, Sugarhill Gang (siyo wa kwanza kurekodiwa, bendi ya Fatback walitangulia kidogo mwaka huohuo). Mle ndani jamaa anaitwa Big Bank Hank. Mistari yake kaichukua kwa rapa wa Bronx, Grandmaster Caz, na hakujisumbua hata kubadili jina, anajitambulisha kwa kutaja herufi za Casanova, ambalo ni jina la Caz! Ni kama ukope shati la mtu uende nalo kwenye usaili na kitambulisho chake kimo mfukoni. Na muziki wa chini ni Good Times ya Chic, bendi imeupiga upya. Kama kuazima ni dhambi basi rap nzima haijabatizwa.

Bint wa Kibokoni
Nawasoma tangu asubuhi nacheka peke yangu. Mnagombania kufoka na kuchana, na Kiswahili kina neno lake toka enzi. KUGHANI. Mtu anasema maneno yenye vina na mizani kwa mahadhi bila kuimba hasa. Kufoka ni kwa uji ukiachwa jikoni. Mombasa na Lamu walikuwa wakitupiana mashairi ya vita zama za mshairi Muyaka bin Haji, huyu anajigamba, yule anamjibu kwa vina vyake. Hiyo bifu mnayoisifu ya Wamarekani sisi tulikuwa nayo karne mbili nyuma. Hata hao Wamarekani, 1968 pale Harlem walikuwako washairi wa kundi la The Last Poets, wanaghani na ngoma za mkono, Herc hajagusa sahani. Kinyozi yuko sawa. Na hivi vitu vyataka lugha, nyinyi wa bara ngoma zenu ni za kurukaruka.

Ngosha
Dada hapo kwenye kurukaruka umenigusa. Usukumani kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, mahasimu tangu enzi za mababu. Wanacheza siku moja uwanja mmoja, huku na huku, manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa upande huu anakutungia wimbo wa kukuumbua, wa kule anakujibu, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Njoo Bujora Mwanza kipindi cha Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, ujionee, kuna wanaocheza na fisi na chatu. Muyaka wenu alikuwa na chatu?

Bint wa Kibokoni
Hakumhitaji. Alikuwa na maneno.

Vina Vitatu
Wote mnachanganya. Muyaka alikuwa na DJ? Manju ana sahani mbili? Kusema maneno yenye vina kila kabila duniani linasema, hata bibi yangu akitwanga. Rap ni kuingia kwenye biti. Mtu aliyeshika chombo cha kusikilizia akakigeuza chombo cha kupigia, hapo ndo kitu kipya kilizaliwa. Hapa sina ubishi na Mbeba Boksi.

Dandora Fezi Foo
Na Herc si ni Mjamaika? Kule madijei walikuwa wanabonga juu ya rekodi kitambo, U-Roy na hao. Kwa hivyo sio Bronx, sio Afrika. Kingston. Kesi imeisha.

Mbeba Boksi
Kazaliwa Kingston kweli, kaja Bronx 1967. Maspika makubwa yale ya kutikisa kifua ni mambo ya kwao. Ila yeye mwenyewe aliwahi kuukana huo ukoo wa kubonga kijamaika, na alipojaribu kuwapigia rege watu wa Bronx hawakucheza, ikabidi ahamie kwa James Brown. Sasa mtoto akimkana baba sisi majirani tufanyeje.

Vina Vitatu
Ila dada wa Mombasa, kughani nimelipenda. Silitumii, maana jukwaani huwezi kupiga kelele "mikono juu, leo naghani". Lakini bora kuliko lile tusi.

Kanda Mbili
Siyo tusi. Hivi unajua hata kuchana ni nini? Nywele zinachanwa, karatasi zinachanwa. Ungekuja wakati wetu ukasema unachana tungekupeleka kwa msusi.

Ngosha
Mzee wa Temeke, kaseti ya Saleh bado unayo? Nitakupa hela nzuri, natania sitanii.

Kanda Mbili
Mwaka 93 dada yangu alirekodia taarabu juu yake. Mwanzoni kabisa kuna sekunde kama nne Saleh anaanza, halafu vinaingia vinanda. Ninayo. Siuzi.

Nusu Kichwa
Wakuu nimerudi. Kinyozi kaisoma hii mada yote kwenye simu yangu, betri imebaki asilimia sita. Anasema yule dada kamtetea vizuri ila Vina Vitatu kamuudhi, eti hata yeye mashine yake ni chombo cha kunyolea na akiitaka iwe ya muziki inakuwa, kaiwasha kwangu sikioni dakika nzima anaghani majina ya wateja wanaomdai. Sijui ni wanaomdai au anaowadai, kelele zilikuwa nyingi. Upande wa kulia kaanza. Bei hatujakubaliana, anataka mara moja na nusu. Nilipe au nigome? Na samahani kwa waliokwazika, sikujua kama kufokafoka ni neno baya.

Kanda Mbili
Siyo neno baya.

Vina Vitatu
HATUFOKI.