Ushauri: nimepangiwa kufundisha wycinanki watoto wa chekechea huku Polandi, nianzie wapi?

MamaKulwa_Lodz

Habarini wanajamvi. Naishi Łódź, Polandi. Mwanangu yuko chekechea, darasa la miaka minne na mitano. Wazazi tunapangiwa zamu za kuja kufanya kitu na watoto, na zamu yangu imeangukia wycinanki, yaani yale mapambo ya kukata karatasi ya vijijini huku. Ni kabla ya Pasaka, muda ni saa nzima, watoto ishirini na kitu.

Nimeangalia ya Łowicz, maana ni mji wa jirani. Majogoo wawili wametazamana, tausi, maua yamebandikwa rangi juu ya rangi. Mimi mtu mzima mkia wa jogoo unanishinda, sembuse mtoto wa miaka minne!

Je, niwapelekee michoro iliyochapishwa wafuate mstari tu? Na si kichekesho Mtanzania kuwafundisha Wapolandi mambo ya bibi zao? Natanguliza shukrani.

MwalimuWaAwali

Dada, jogoo mwache kwanza. Mtoto wa umri huo kinachomsisimua ni kukunja, kukata, halafu kufunua. Ukimpa mchoro uliokamilika umemwibia hapo kwenye kufunua.

Kunja karatasi mara moja tu, isiwe zaidi. Karatasi iwe nyembamba, maana manila ikikunjwa vidole vidogo haviiwezi, mkasi unatafuna badala ya kukata. Kisha mfundishe kushika upande wa mkunjo kwa mkono usio na mkasi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Watoto wengi hukata upande wa mkunjo, wakifunua wanapata vipande viwili na kilio juu yake. Piga mstari mnene wa rangi ya nta kwenye mkunjo, waambie "hapa ni mgongoni, hatukati mgongo."

Jingine: dole gumba liwe juu, na mkono wa pili ndio uzungushe karatasi. Mtoto akizungusha mkasi, kiwiko kinapaa na anamchoma mwenzake.

Shemeji_wa_Kurpie

Nakazia hapo. Mke wangu kwao ni Kurpie, kaskazini-mashariki ya Warszawa, pande za Kadzidło. Ya kwao si kama ya Łowicz. Kwa kawaida ni karatasi moja, rangi moja, hakuna kubandika juu kwa juu. Kuna leluja, ambayo ni kama mti wenye matawi pande mbili, mara nyingi na ndege, na inakatwa kwa mkunjo mmoja wa wima. Kuna pia nyota ya duara, hiyo hukunjwa mara kadhaa, achana nayo kwa wadogo.

Kwa hiyo leluja ndiyo saizi yao. Nusu ya mti tu! Akikata ovyo, upande wa pili unakuwa ovyo vilevile, na jicho linaona pambo. Mtoto hawezi kukosea sana.

Na usihangaike na mistari. Wanawake wa vijijini walikuwa wakikata bila kuchora, tena kwa mikasi mikubwa ya kukatia manyoya ya kondoo. Ukiiona ile mikasi halafu uone meno membamba waliyokata kwenye karatasi, unabaki mdomo wazi.

Binti_Pwani

Nyie mnaongea kama mna siku nzima. Watoto ishirini, saa moja, mzazi mmoja! Mimi ningechapisha na kukata mwenyewe nyumbani, wao wabandike tu. Kila mtu anaondoka na kitu kizuri, mwalimu anafurahi, umemaliza.

MwalimuWaAwali

@Binti_Pwani kwa Łowicz nakubaliana nawe nusu. Kule kubandika ndiyo kazi yenyewe: ua kubwa chini, dogo juu yake, dogo zaidi juu, mwisho kitone. Mtoto wa miaka minne akipewa maduara ya rangi tofauti anapanga kubwa hadi dogo, hiyo ni hesabu tosha. Ila asiambiwe rangi ipi ifuate ipi. Ukiona maua ishirini yanafanana, jua aliyefanya kazi ni mzazi.

Kama muda unakubana, gawa meza mbili. Wanaoweza mkasi wakate miti, ambao bado wabandike maua. Baadaye maua yanaingia kwenye miti. Wenye Kurpie watanisamehe.

Shemeji_wa_Kurpie

Hatusamehi 😄

Ila mama, la kichekesho ondoa moyoni. Waeleze tu kwa nini ni kabla ya Pasaka. Sanaa hii ilishamiri vijijini kuanzia katikati ya karne ya 19. Nyumba zilipigwa chokaa upya kwa sikukuu, mapambo ya zamani yakabanduliwa, mapya yakabandikwa kwenye ukuta mweupe. Kwa hiyo karatasi ya kubandikia iwe nyeupe. Nyekundu na kijani juu ya nyeupe zinapendeza bila msaada wa mtu.

Meru_Mvua

Kidogo nje ya mada. Kuanzia 1942 wakimbizi wa Kipolandi, wengi wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha, maelfu yao. Walikuwa wamepelekwa Sovieti kwa nguvu, wakatoka kupitia Iran. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa. Wakikuuliza unatoka wapi, una pa kuanzia.

Binti_Pwani

Watoto wa miaka minne utawaelezea Sovieti? Mwonyeshe ramani, mwambie watoto wa Kipolandi waliwahi kuishi karibu na mlima Meru, basi, rudini kwenye mikasi.

MamaKulwa_Lodz

Asanteni sana, nimewaelewa. Leluja ya mkunjo mmoja, na meza ya maua kwa wadogo. Gundi nachukua ile ngumu ya kuzungusha kama rangi ya midomo, ya maji itaikunja karatasi. Mwalimu ananitafutia mikasi ya wanaotumia mkono wa kushoto, wapo wawili.

Swali la mwisho: nimepata karatasi za kung'aa, rangi upande mmoja, nyuma nyeupe. Zinafaa?

Shemeji_wa_Kurpie

Hizo ndizo zenyewe. Kunja rangi ikae ndani, nyeupe nje. Asiyejiamini achore nusu mti kwa penseli kwenye nyeupe, akate, akifunua penseli imebaki nyuma. Na mkate kuanzia ndani, vijitundu kwanza, ukingo wa nje mwishoni, la sivyo karatasi inalegea mkononi kabla hajamaliza. Vijitundu vya katikati kabisa watoboe kwa ile mashine ya kutobolea faili, ukiazima mbili ofisini kwao zinatosha.