Nataka kutengeneza tovuti ya safari ndefu za miguu Uganda, nianzie wapi?

Mtembezi_Mbale:
Wakuu, habari zenu. Niko Mbale, kazi yangu ni ya kompyuta, lakini likizo zangu zote zinaishia mlimani. Watu wananiuliza WhatsApp maswali yale yale: kupanda Mlima Elgon, njia ya Sasa na ya Piswa, ipi afadhali? Maji yako wapi? Rwenzori bila gambuti inawezekana? (Haiwezekani, msijaribu.)

Mtu akitafuta mwenyewe mtandaoni anakutana na kurasa za kampuni za utalii: picha ya mawio na kitufe cha kulipia. Hakuna anayemwambia kwamba Sasa, inayoanzia Budadiri, ni fupi kufika Wagagai, kilele cha Elgon (mita 4,321), ila ina mpando mkali na ngazi kwenye majabali ya Mudangi. Anayeogopa kimo ni heri aanzie Kapkwata apite Piswa, ajiongezee siku.

Nataka kuweka safari za siku tatu au zaidi: Elgon, mzunguko wa kati wa Rwenzori kutoka Nyakalengija, na njia ya Kilembe, hiyo nayo ya Rwenzori. Baadaye ile ya kuvuka Elgon na kushukia Kenya. Iwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Je, nianze na zote au moja? Ramani nitoe wapi bila kumwibia mtu? Na nifanyeje habari zisichakae? Hela niliyo nayo ni ya kununua jina la tovuti na bando, basi.

fundi_wavuti:
Anza na moja. Tovuti yenye njia kumi nusunusu haimsaidii mtu yeyote, mvua ikimkuta kwenye ile uliyoandika mistari miwili.

Ramani: usichore kwa kufuatisha Google, masharti yao hayaruhusu. Tumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Ni huru mradi uwataje wachangiaji wake, na ukisahihisha njia kule, programu kama OsmAnd na Organic Maps zitaichukua. Mtu anapakua ramani akiwa mjini, anatembea bila mtandao. Wewe kwako weka maandishi, faili la GPX (mstari wa njia ambao simu inaufuata) la kila siku ya safari, na ukurasa mmoja wa kuchapisha kwenye karatasi. Picha chache, ndogo. Tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12, usimmalizie mtu MB zake kwa picha za mawingu.

Kijana_wa_Jinja:
Mbona unajisumbua? Fungua kundi la Facebook, ni bure.

fundi_wavuti:
Facebook ipi? Ile iliyofungwa Januari 2021, tunayoingia kwa VPN kama wezi? Halafu jibu zuri la mwezi wa tatu utalipata wapi mwezi wa nane? Limeshazama.

Afande_Mstaafu:
Kijana, nipo Kasese, milima naiona kutoka mlangoni, siku ukungu ukikubali. Swali lako la tatu ndilo lenye uzito, hayo mengine ni ya mafundi.

Mlima haukai kama ulivyoandikwa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020, Kilembe yote inakumbuka. Barafu ya Mlima Stanley, huku Rwenzori, nayo inazidi kupungua, kwa hiyo njia ya kuingilia barafuni kuelekea kilele cha Margherita (mita 5,109) unamuuliza aliyetoka huko juzi, hufuati faili la miaka mitano iliyopita. Kila aya iwe na tarehe, na isiwe tarehe uliyoandika wewe, iwe tarehe mtu aliyopita pale. Mfano tu: «Kambi ya John Matte hadi kambi ya Bujuku, mwanzo wa Januari, mvua usiku kucha. Tope la kinamasi cha Bigo limefika magotini pale mbao zilipokatika, pita kushoto juu ya mashina ya nyasi.» Mistari hiyo miwili naiamini kuliko insha nzima. Isiyo na tarehe ifute.

Tena, usiandike kana kwamba mtu atajiendea tu. Ndani ya hifadhi unakwenda na kiongozi, na taratibu zinapitia UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Ugonjwa wa kimo uwekee ukurasa wake: kichwa kikiuma na kutapika kukianza, hupandi tena, hali ikizidi, unashuka hata kama ni usiku. Mtu akizidiwa kule juu kambi ya Elena, anabebwa kwa machela juu ya mawe yenye utelezi. Wabebaji ni binadamu.

Dada_Kapchorwa:
Afande kasema. Naongeza mawili.

Habari mpya wanazo wapagazi, wanaopanda na kushuka msimu mzima. Usiwape fomu ya Kiingereza. Wakurekodie sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili au Kigisu au Kisabiny, wewe uandike. Na uwalipe, hata kama ni salio la simu. Kuna mtu aliwahi kuchukua maelezo ya kaka yangu yote, akayauza kama kitabu cha mwongozo, jina la kaka halimo.

La pili, si kila kijia kiingie kwenye ramani. Vingine ni vya wakata miti, vingine vinapita katikati ya shamba la mtu.

Mtembezi_Mbale:
Asanteni sana, Afande nakushukuru kipekee. Basi naanza na moja: kupanda Piswa, kushuka Sasa. Bei za kiingilio niziweke?

fundi_wavuti:
Usiziweke. Zikibadilika, wewe ndiye utakayetukanwa getini. Weka kiungo cha UWA.

Afande_Mstaafu:
Weka misimu badala yake. Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo afadhali. Nasema afadhali, Rwenzori haina kiangazi cha kweli.

Mtembezi_Mbale:
Sawa, Afande. Kuna anayepanda Piswa karibuni anijaribie fomu ya kwanza ya kuripoti hali ya njia?

Dada_Kapchorwa:
Mimi, Januari. Ila ifanye fupi, kule juu vidole vinaganda. Na nafasi ya kuandika hali ya maji ya kila kambi iwe ya kwanza, jina langu liwe la mwisho.