Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris: usiku 11 mfululizo na hakuna mwanamke hata mmoja aliyepangwa. Hii ni dharau!

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Leo nalitema.

Jana Jumatano, Juni 4, 2025, ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya usiku pale Paris. Tangu Jumapili ya Mei 25 taa za uwanja mkuu wa Philippe-Chatrier zimewashwa usiku 11, na usiku wote 11 wamecheza wanaume. Mwaka jana 2024, hivyo hivyo, sifuri. 2023 walitupa mechi moja, Sabalenka na Sloane Stephens. 2022 moja, Alizé Cornet na Ostapenko. Miaka minne, mechi mbili! Na hao wanawake wanacheza mashindano yale yale, kwenye udongo ule ule, na tangu 2007 zawadi za wanawake ni sawa na za wanaume. Hela wanalipwa sawa ila usiku, muda ambao watu wametulia mbele ya TV, hawapewi.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Nafungua saa mbili asubuhi, nikifunga ni saa kumi na mbili jioni, hapo bado foleni ya kurudi nyumbani. Robo fainali za wanawake juzi na jana zimeanza saa tano asubuhi saa za Paris, kwetu saa sita mchana. Nani anaangalia tenisi saa sita mchana siku ya kazi? Mechi ya usiku inaanza saa tatu na robo saa zetu. Hapo nimeshakula, watoto wamelala, rimoti ni yangu. Nikiwasha nakuta wanaume, kila siku.

Jumatatu mchana Loïs Boisson alikuwa anacheza na Jessica Pegula. Simu nimeiegemeza kwenye jora, sauti nimezima, bando linakatika kama maji. Seti ya tatu, roho juu. Akaja mama anataka doti sita za sare ya harusi, rangi moja zote, na moja ina doa. Nikapanda juu ya stuli kutafuta nyingine, nikashuka, nikakunja, nikahesabu chenji. Nilipogeukia simu wanapeana mikono wavuni. Mechi imeisha, 3-6, 6-4, 6-4, na mwisho wake sikuuona.

Kwa wasiomjua huyo binti: ana miaka 22, Mfaransa, namba 361 duniani, hajawahi kucheza droo kuu ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi) hata moja kabla ya hii. Mwaka jana alikuwa ameshapewa nafasi ya upendeleo Roland Garros, wiki moja kabla ya kuanza goti likakatika kano. Amerudi mwaka huu kwa nafasi ile ile ya kupewa, akamtoa Pegula namba tatu wa dunia, jana akamtoa Mirra Andreeva 7-6, 6-3, yuko nusu fainali. Mwanamke wa Kifaransa hajafika nusu fainali pale tangu Marion Bartoli 2011! Uwanja mzima unalia naye. Sasa niambieni, kama binti wa nyumbani kwao mwenye hadithi kama hii hapewi hata usiku mmoja, atapewa nani?

Najua mtakuja na kile kisingizio cha waandaaji. Kwamba usiku kuna mechi moja tu, wanawake wanacheza seti mbili za ushindi badala ya tatu, kwa hiyo mechi inaweza kuisha haraka na mwenye tiketi akaona amepunjwa. Haya. Jumanne usiku walimpanga Alcaraz na Tommy Paul. 6-0, 6-1, 6-4. Saa moja na dakika 34, watu wakarudi makwao. Nani aliandamana kudai nauli? Na 2024 raundi ya pili, Swiatek na Osaka walicheza karibu saa tatu, Osaka akabakiza pointi moja tu ashinde, Swiatek akaiokoa akashinda 7-6, 1-6, 7-5. Kwangu ile ndiyo mechi bora ya mashindano yote ya mwaka ule, wanawake kwa wanaume. Ilichezwa mchana.

Dawa ipo, na wala si ngeni. Melbourne (Australian Open) na New York (US Open) usiku wanapanga mechi mbili, ya wanawake na ya wanaume, mwenye tiketi anaziona zote. Paris wao wanaanza saa mbili na robo ya usiku kwa saa zao, wanaweka mechi moja, halafu wanalalamika muda hautoshi. Si waanze mapema?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkurugenzi wa mashindano ni Amélie Mauresmo. Mwanamke aliyewahi kuwa namba moja wa dunia, aliyebeba Australia na Wimbledon mwaka mmoja, 2006. Mwaka wake wa kwanza kazini, 2022, alisema mechi za wanaume kwa sasa zina mvuto zaidi, akapigiwa kelele, akaomba radhi. Baada ya radhi tumepata nini? Moja, sifuri, sifuri.

Mwaka huu Ons Jabeur wa Tunisia kasema wazi: hawatuonyeshi, halafu wanasema watu wanapenda kuangalia wanaume. Mwafrika mwenzetu, kacheza fainali tatu za Grand Slam, anajua anachosema. Ukiweka bidhaa stoo usiseme haina wateja. Juzi Sabalenka na Zheng, namba moja wa dunia na bingwa wa Olimpiki aliyeshinda medali kwenye uwanja huo huo, wanaanza saa tano asubuhi mbele ya viti vitupu, maana wenye viti wako kazini kama mimi. Halafu kuna mtu atapiga picha ya vile viti aseme mnaona, wanawake hawana watazamaji.

Jana Djokovic na Zverev, sawa, ile ilistahili usiku, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni zile nyingine kumi.

Leo saa kumi alasiri ni nusu fainali, Sabalenka na Swiatek, halafu Gauff na Boisson. Nafunga duka saa tisa, hasara nitaibeba. Aliyerekodi mechi nzima ya Boisson na Pegula aniwekee hapa. Vile vipande vya dakika tatu sitaki, nataka seti ya tatu yote.