Miezi saba nalipia IP ya kudumu hapa Wete, kumbe kutoka nje haifikiki. Nataka pesa yangu!

Assalaam alaykum wenzangu.

Naandika nikiwa na hasira na siifichi. Kampuni ya intaneti sitoitaja jina hapa. IP ni namba ya anwani ya mashine kwenye intaneti, na ya kudumu ni ile isiyobadilika. Risiti na barua pepe zote ninazo, na zitakwenda mahali pa kutajwa majina. Hapa nataka mujue nilivyofanyiwa, asije mwengine wa Unguja au Pemba akatoa pesa yake kwa maneno yale yale.

Marehemu baba yangu alisomesha darsa baina ya magharibi na isha kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wakimrikodi kwa redio kaseti. Zimebaki kanda 212 kabatini kwa mama. Nyengine zilishashika ukungu, nyengine utepe ulikatika nikauunga kwa mkono. Nimezihamisha moja moja kwenye kompyuta, na kanda haiharakishwi, ya saa moja inataka saa moja. Mwaka na nusu, usiku baada ya kazi. Wanafunzi wake wametawanyika: wako Micheweni, wako Unguja, wako Tanga, na dada yangu yuko Maskat. Wote wanataka kumsikia. Munaotaka kunambia "weka YouTube", hilo nishalisikia. Mama hataki sauti ya mumewe itanguliwe na tangazo la kamari, na mimi sitombishia mama kwa hilo. Rikodi zikae nyumbani kwenye mashine yetu, anayetaka kusikiliza aje apige hodi.

Basi nikaenda ofisini kwao mwenyewe, sikupiga simu. Nikamwambia kijana wa mauzo, kwa Kiswahili hichi hichi: "Nataka kuweka seva nyumbani, kompyuta ya kuhifadhi rikodi, watu walioko nje waifikie." Akanijibu bila ya kusita: "Utahitaji IP ya kudumu, ni shilingi 35,000 kwa mwezi juu ya bili yako." Nikamuuliza kama nikishalipia hiyo seva itafunguka kutoka popote. Akasema ndiyo. Nikatia saini. Ile "ndiyo" ndiyo niliyoinunua.

Upande wangu nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kompyuta ya mezani niliinunua Darajani, imetumika lakini nzima, diski ya terabaiti 2, nikaitia Debian (mfumo wa kuiendesha) na Nginx (programu ya kutoa kurasa za tovuti). Kwenye mtandao wa nyumbani nikaipa 192.168.1.10, nje ya zile namba ambazo ruta inazigawa yenyewe kwa simu na vifaa vyengine, maana ukiziwacha zikagongana utatafuta mchawi bure. Nikaingia kwenye ruta nikaelekeza poti 80 na 443, milango inayopitia kurasa za tovuti, kwenye mashine hiyo. Nikafungua njia kwenye ukuta wa moto wa Debian, ile kinga inayozuia wageni. Betri ya akiba nikaiweka chini ya meza, ruta na seva zote zikachomekwa humo, na umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, nikaununua mapema usinikatikie kwa kusahau. Mwisho nikachukua ile anwani walonipa, inayoanza na 100.82, nikaiandika kwenye rekodi ya A ya domeni yangu, yaani jina la tovuti yangu lielekee namba hiyo.

Nikampigia dada Maskat, nikamwambia fungua. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukasema muda umekwisha. Nikamwambia jaribu tena. Akajaribu mpaka akaona haya kunambia kuwa bado.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Wiki mbili za "zima ruta, subiri dakika tano, washa". Baada ya hapo akaja fundi. Na hapa ndipo ninapotaka musome vizuri. Fundi akaunga simu yake kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwangu, akaandika 192.168.1.10, ukurasa ukafunguka, sauti ya baba ikatoka. Akanambia: "Mbona inafanya kazi, bwana?" Nikamwambia uko ndani ya nyumba yangu, zima Wi-Fi utumie data ya simu yako. Akasema data ya simu ni ya kampuni nyengine, si dhamana yake. Akaondoka. Jioni nikapokea ujumbe: tatizo lako limetatuliwa, asante kwa kuwa mteja wetu. Mama alikuwa kakaa pale pale barazani, ameona yote, akaniuliza kama sasa dada yako anasikia. Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule sikulala. Nikawasha tcpdump kwenye seva, kutazama kama kuna chochote kinachoingia poti 443, nikamuomba binamu yangu wa Fuoni ajaribu kufungua mara kumi. Hakikuingia kitu, hata pakiti moja ya data. Maana yake hodi ya binamu haikufika kwenye seva yangu, imezuiliwa kabla. Nikafungua tovuti moja ya kuonesha IP yako, nikaona namba inayoanza na 41. Ruta yangu inasema 100.82, dunia inaniona kwa 41. Namba mbili tafauti! Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwa ambao hamujui: tulivyozoea sote, namba za ndani ni zile zinazoanza na 10, zile za 192.168, na zile za 172.16 mpaka 172.31. Ndiyo maana fundi nilipompigia tena akanambia kwa kujiamini kuwa "100 si namba ya ndani". Lakini tangu mwaka 2012 kuna fungu jengine, kutoka 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255, namba milioni 4 na kidogo, lililotengwa makusudi kwa makampuni ya intaneti yanayowakusanya wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Namba ya fungu hilo haitambuliki kwenye intaneti ya nje kabisa. Dada yangu Maskat alikuwa anatafuta anwani ambayo huko aliko haina njia ya kuifikia.

Fikirini sanduku la posta la skuli. Skuli nzima ina S.L.P. moja, na karani anaandika kwenye daftari lake kila barua inayotoka. Jibu likirudi anajua ni la mwanafunzi gani, anampelekea. Lakini mtu wa nje akiandika mwanzo, yeye asiyeandikiwa na mtu, karani hana wa kumpa, barua inatupwa. Kuvinjari, WhatsApp, video, yote hayo yanakwenda, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kuandika. Seva kazi yake ni kuandikiwa mwanzo. Na kufungua poti kwenye ruta ya nyumbani hakusaidii, maana daftari la karani liko kwao, mimi sina ruhusa ya kulifungua.

Kwa hiyo walichonipa ni cha kudumu kweli. Miezi saba ile 100.82 haijabadilika hata tarakimu. Wamenipangia kitanda kisichobadilika ndani ya bweni, wakanitoza kama walionipa S.L.P. yangu mwenyewe. Shilingi 35,000 mara saba ni 245,000, na huku Pemba munajua hiyo ni pesa ya nini.

Msije mukanambia habari ya uhaba, uhaba naujua. Anwani za IPv4, ndizo hizi za kawaida, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, ghala kuu likamalizika Februari 2011, na AFRINIC, wanaoigawia Afrika kutoka Mauritius, tangu 2020 wanatoa kwa mafungu madogo madogo. Kampuni kuwaweka wateja wa kawaida nyuma ya CGNAT sina ugomvi nako. Ningeambiwa siku ile ile "IP ya umma hatunayo", ningewashukuru nikaenda zangu. Ugomvi wangu ni kuchukua pesa kwa kitu ambacho nimekieleza matumizi yake, tena kwa mdomo wangu, mbele ya meza yao.

Na IPv6, mfumo mpya wa anwani, je? Niliwaomba. Huko hakuna uhaba wowote, mteja mmoja tu anaweza kupewa fungu lenye anwani nyingi kuliko IPv4 yote, na kila kifaa nyumbani kikawa na anwani yake ya umma. Wanafunzi wa baba wenye simu za mtandao unaotoa IPv6 wangelifika bila ya CGNAT. Nimejibiwa "kwa wateja wa nyumbani bado". Lini? "Utajulishwa."

Sasa hivi darsa zinasikika, lakini kwa njia ya mzunguko ambayo inaniuma kila ninapoifikiria. Nimekodi seva ndogo Frankfurt, nikaweka njia ya WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa faragha, kutoka Wete mpaka huko. Mashine ya nyumbani ndiyo inayoanza kuandika, na kila sekunde 25 inatuma pakiti moja tupu ili karani asifute jina langu daftarini. Domeni inaelekea Frankfurt, Frankfurt inapitisha mpaka kwa mama. Inafanya kazi, na aliyekwama namshauri afanye hivyo leo hii. Lakini tazameni: mtu wa Micheweni anamsikiliza mwalimu wake wa Wete, kilomita chache, na sauti inakwenda Ujerumani ikarudi. Pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, baina ya nyumba mbili za Pemba inapita milisekunde 300. Na hiyo seva nailipia kwa kadi, kwa euro, juu ya zile 35,000.

Aliyelipia "IP ya kudumu" na ana wasiwasi, fungua ukurasa wa ruta yako utazame namba ya upande wa nje, ile ya WAN. Kisha itazame IP yako kwenye tovuti yoyote ya kuonesha IP. Zikiwa sawa, umepata haki yako. Zikitafautiana, huenda umeuziwa kama nilivyouziwa mimi. Na unapokwenda kutia saini, neno "ya kudumu" peke yake halitoshi, waandike "ya umma" kwenye fomu kwa kalamu yao.

NYONGEZA, baada ya isha: Wamenipigia leo, baada ya barua yangu ya tatu ambayo nilisema ndani yake kuwa nakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya Zanzibar. Safari hii alikuwa dada mmoja, mwenye adabu kwa kweli, simlaumu yeye. Amekiri kuwa niliyopewa si ya umma. Halafu akasema IP ya umma ipo, lakini kwa kifurushi cha biashara, ambacho bei yake ni mara tatu ya bili yangu, na nikihamia leo nitapata kesho. Kumbe zipo! Miezi saba naambiwa kosa ni la ruta yangu na anwani ziko kwao. Nikamuuliza kuhusu 245,000 zangu. Akasema pesa iliyolipwa kwa huduma iliyotolewa hairudi. Nikamwambia huduma gani iliyotolewa, dada yangu? Akasema atanirudia.

Barua ya TCRA nishaichapa, nimeambatanisha mkataba, picha ya ukurasa wa ruta na ile rekodi ya tcpdump isiyo na kitu. Inapanda boti kesho asubuhi na mtu ninayemuamini.

Ninaloliomba kwenu ni moja. Aliyepo Chake, Mkoani, Konde, au huko Unguja, anayelipia huduma kama hii kwa kampuni yoyote, afanye traceroute (amri ya kuonesha njia inayopita pakiti) kwenda popote aweke hapa mistari mitatu ya mwanzo tu, bila ya jina lake. Ikiwa kuna wengine wenye 100.64 mpaka 100.127, nataka niwaandike kwenye barua kabla ya boti ya saa moja.