Ushauri: Mnunuzi anakuja kumwona farasi, nimwandaeje?

Saisi wa Meru
Wakuu, habari zenu. Natunza farasi huku Usa River, mwaka wa sita sasa. Bosi anahama na ameamua kumuuza Tufani, dume aliyehasiwa, miaka 11, kimo chake begani ni sentimita 160. Zamani alikimbia mashindano Ngong, Nairobi. Zimebaki siku kumi, anakuja mama mmoja kutoka Moshi ambaye anamtafutia bintiye wa miaka 14. Bosi yuko safarini, kaniachia kila kitu.

Tufani ana afya na bandani ni mpole kabisa. Shida yake ni pikipiki. Bodaboda ikimpita kwa nyuma anaruka pembeni, na mara moja alinitupa mtaroni. Mwenzangu ananishauri siku hiyo nimzungushe kwa kamba ndefu asubuhi nzima, mgeni amkute amechoka na ametulia. Roho yangu haitaki. Huyu farasi nimemlea, nataka aende kwa mtu atakayekaa naye. Nimwambie huyo mama lini? Na niandae nini kingine?

Bi Kwato
Usimchoshe. Mimi niliuziwa farasi "mtulivu" kwa njia hiyo hiyo, siku ya tatu nikawa nimevunjika mkono. Tangu hapo, nikienda kununua, nafika saa nzima kabla ya muda tuliopatana. Napitisha kiganja kifuani na mgongoni palipokaa tandiko, maana jasho likikauka linaacha chumvi kwenye manyoya. Nataka nimkute malishoni, nione anavyokamatwa, anavyopokea lijamu (chuma cha mdomoni), anavyoinua miguu. Kwa hiyo Tufani mpige brashi, mchane singa za shingo na mkia, lakini tandiko lisubiri mgeni afike.

Dkt wa Mifugo
Anza na kwato. Fundi aje wiki moja kabla, si siku ya kuamkia, kwa sababu msumari ukipita karibu na nyama atachechemea mbele ya mgeni. Chini ya kwato ukikuta ute mweusi wenye harufu ya kuoza, safisha kila siku na umwekee matandazo makavu bandani.

Weka tayari kadi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huku kwetu usubi ndio unaoueneza, nao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo mama akiuliza farasi analala wapi, mwonyeshe banda.

Dawa ya maumivu usimpe hata chembe, inaficha kuchechemea. Mnunuzi akija na daktari wake, mpokee vizuri. Atahesabu mapigo ya moyo (farasi aliyepumzika ana 28 hadi 44 kwa dakika), ataukunja mguu kama dakika moja kisha atataka akimbizwe telki (mbio za polepole) papo hapo. Tafuta mahali tambarare penye ardhi ngumu.

Mzee wa Tandiko
Kijana wangu, kagua mishono ya mikanda yote. Panda wewe kwanza: hatua, telki, kisha shoti fupi, kulia na kushoto. Binti apande baadaye, na kofia ngumu kichwani. Hilo la pikipiki ningengoja ampende kwanza ndipo niseme.

Bi Kwato
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Anayepanda ni mtoto. Na binti akishampenda farasi, mama atashindwa kukataa. Saisi, piga simu leo.

Saisi wa Meru
Mrejesho. Nimempigia jana jioni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Tufani akiiona pikipiki kwa mbele anafanyaje. Nikamwambia ukweli: anasimamisha masikio, anapita. Akasema shamba lao liko ndani, mbali na barabara, ila lazima aone kwa macho yake. Kaniomba siku hiyo nitafute mtu mwenye bodaboda. Nimeshaongea na jirani, atapita taratibu, mbele kwanza halafu nyuma. Nitampanda mimi, binti atakaa nje ya uzio. Fundi wa kwato anakuja kesho saa tatu asubuhi.